Hesabu Yangu ya Waya wa Kompadre Leovigildo

Jumatatu, 8 Julai

Leo nimempata kompadre Leovigildo. Miaka kumi na moja nautamani ule waya, na leo, ukurasa wa 112, nimempata!

Kitabu ni cha fizikia. Shule ya kijiji ilipofungwa vitabu vilitupwa, nikaokota hiki. Panya wamekula kona moja tu. Ukurasa wa 112 una kichwa cha habari: namna ya kukokotoa kasi ya wimbi katika waya wa chuma uliovutwa. Nikausoma nimesimama. Nikakaa. Nikausoma tena.

Niandike kwa ajili ya kumbukumbu (nikifa, Rosalbina ataisoma shajara hii, namjua mke wangu). Kijiji kiko upande huu wa korongo. Barabara na kanisa viko upande ule. Katikati kuna mto usio na utani. Daraja hatuna. Tuna waya mmoja wa chuma, mita mia mbili na themanini, na kisanduku cha bati kinachoning'inia kwa kapi. Kinavutwa kwa kamba na injini ya lori iliyofungwa ng'ambo. Mtunza waya ni Leovigildo Guavita. Ndiye mwenye ufunguo wa banda la winchi, ile ya upande huu inayoukaza na kuulegeza waya. Ndiye anayeitwa fundi na kila mtu, hata padri. Na tarehe 16 Julai, sikukuu ya Bikira wa Karmeli, ndiye anayepanda kisandukuni kuivusha sanamu, tarumbeta pande zote mbili, kifua mbele.

Mimi naitwa Argemiro. Basi. Wanaotaka kuongeza huongeza "wa kware", kwa sababu ya ule mradi wangu wa kware. Kware walikuwa wazima. Paka ndiye hakuwa kwenye mpango.

Sasa, fundi huyu anaupimaje waya? Kila asubuhi anaupiga kwa nyundo ya mti, anaweka kiganja juu yake, anafumba macho. Wimbi linakwenda hadi ng'ambo, linagonga mwamba, linarudi mkononi mwake, linakwenda tena. Yeye huku anasali. Linaporudi mara ya tano, Salamu Maria mbili ziwe zimeisha, si kabla wala si baada. Wimbi likimaliza kwanza, waya umekaza. Sala ikimaliza kwanza, waya umelegea. Hiyo ndiyo sayansi yetu! Midomo ya mzee!

Kikao cha kijiji ni Alhamisi. Nitakwenda na namba.

(Ni kompadre wangu kweli. Nilimshika bintiye kwenye ubatizo. Inaniuma kidogo. Kidogo sana.)

Jumanne, 9 Julai

Kitabu kinataka vitu viwili tu: uzito wa mita moja ya waya, na kasi ya wimbi. Nyuma ya zizi nilikuwa na kipande cha waya huohuo, kilichobaki tangu ulipofungwa. Nikakikata mita moja kamili. Nikakipima kwenye mizani ya lulo, matunda tunayouza ng'ambo. Kilo moja! Kilo moja barabara! Nikamwita Rosalbina aje aone. Akasema ameona, na sasa niirudishe mizani, ana makreti sita ya lulo ya kupima kabla hayajalainika.

Kasi je? Ningeweza kwenda kuupiga ule waya mwenyewe na saa mkononi. Lakini banda limefungwa, ufunguo anao yeye, na kumwomba ni kumwamsha aliyelala. Halafu nikajiuliza, kwa nini niuguse? Salamu Maria mbili, wimbi mara tano, amenieleza mwenyewe kwa mdomo wake. Nikijua Salamu Maria moja ni sekunde ngapi, nimemaliza kazi bila kutoka nyumbani.

Rozari saa kumi na mbili jioni, kwetu hapa. Wanawake saba, Rosalbina anaongoza. Nikaiweka saa ndani ya kofia, kofia nikaipakata. Nikapima fungu zima la kumi. Sekunde hamsini! Tano kwa kila moja, hakuna anayevuta pumzi. Nikapima fungu la pili nihakikishe. Hapo Rosalbina akaniona. Akasitisha sala mbele ya watu.

"Unampimia Bikira mwendo, Argemiro? Ana gari?"

Wale saba wakacheka hadi mmoja akapaliwa. Nimevumilia. Watu wa sayansi huchekwa mwanzoni.

Jumatano, 10 Julai

Nimekokotoa! Asubuhi nzima. Mara ya kwanza nilisahau kwamba wimbi linakwenda na pia linarudi. Mara ya pili Rosalbina alichukua kalamu aandikie makreti. Mara ya tatu ikakubali.

Kwenda na kurudi ni mita mia tano na sitini. Mara tano, elfu mbili mia nane. Salamu Maria mbili, sekunde kumi. Gawanya. Kasi ya wimbi: mita mia mbili na themanini kwa sekunde. Namba ileile ya urefu wa waya! Nikaona ni ishara.

Kisha kitabu kinasema kasi ijizidishe yenyewe, uzidishe kwa uzito wa mita moja, upate nguvu inayouvuta waya. Nikapata. Nikaigeuza kuwa kilo. Nikafuta, nikafanya upya. Tani nane!

Kipande changu bado kina kile kibati cha kiwandani. Kimeandikwa: usizidishe tani tano.

Nikaogopa kweli. Watu wanavuka kwenye waya ule. Rosalbina anavuka kila Jumamosi. Halafu, nisijifiche humu, nikafurahi. Nikala arepa mbili za mahindi, za moto, mfululizo.

Jioni nikapita kwa Leovigildo, nimwone tu. Alikuwa kizingitini anajikanda goti. Akanipa maji ya moto ya sukari guru na kipande cha jibini ndani, kama siku zote. Akaniambia siku ya Bikira nisije na mabuti ya shamba, nivae viatu, ana jambo nami. Nikajua. Anataka nimshikie maputo! Mwaka jana alinishikisha maputo.

Ningeweza kumwambia palepale habari za tani nane. Tulikuwa wawili tu, na angenisikiliza. Nikamaliza jibini nikaaga.

Alhamisi, 11 Julai

Kikao. Niliandika hesabu yote nyuma ya kalenda ya mwaka jana nikaitundika ukutani. Doña Ubaldina, mwenyekiti wetu, akavaa miwani. Nikaeleza polepole. Nilipofika tani nane nikakigonga kile kibati mezani. Mwanamke mmoja akajishika kifua. Hotuba nzuri kuliko zote nilizowahi kutoa, na ya kwanza kusikilizwa hadi mwisho.

Leovigildo alikuwa nyuma, kofia magotini. Aliuliza swali moja tu, kama nimeugusa waya.

Nikamjibu kwamba sayansi haina haja ya kugusagusa. Watu wakacheka, na safari hii walicheka upande wangu! Mmoja akasema, "Fundi, zama zako za kubembeleza chuma zimepita, baba!" Wakacheka tena.

Yeye hakujitetea. Alisema waya uko sawa, ameusikia asubuhi, na hana la kuongeza. Doña Ubaldina akasema yeye haelewi mawimbi ila anaelewa tani nane, na kwamba hawezi kumpandisha Bikira juu ya tani nane. Kura kumi na nne kwa tisa. Waya ufungwe hadi nitakapoulegeza, na siku ya sikukuu nivushe mimi.

Leovigildo akainuka, akauweka ufunguo mezani, akavaa kofia. Alipita karibu nami hadi nikasikia harufu ya grisi kwenye shati lake. Hakunitazama.

Ninao ufunguo mkononi ninapoandika haya. Nilidhani nitajisikia vizuri kuliko hivi.

Ijumaa, 12 Julai

Nimezunguka kijiji na ufunguo kiunoni. Ni mzito, unavuta suruali. Hakuna aliyeniita fundi. Mmoja aliniuliza lini waya utafunguliwa, lulo zake zinalainika. Mwingine akaniuliza hilohilo. Wa tatu hakuuliza, alinionyesha lulo.

Niliingia bandani. Winchi kwangu ina kutu, kwa Leovigildo ilikuwa haina. Sikuweza kuondoa kabari. Nikaponda kidole gumba. Nikafunga banda, nikatangaza kwamba leo ni siku ya uchunguzi.

Jumapili, 14 Julai

Mvua jana, mvua leo. Makreti yamepangwa ukingoni chini ya turubai, nyuki wameshayajua. Rosalbina ana tisa pale. Hajanilaumu. Amenitengea supu na kukaa upande mwingine wa meza.

Sala ya leo tumeifanyia huku, kwa sababu hakuna wa kuvuka kwenda misa. Leovigildo alikuja, akapiga magoti kwa goti moja, lile zima. Nilikaa safu ya nyuma yake. Nilitaka kumwambia kitu, sijui kitu gani. Nikamwambia mvua imezidi. Akasema ndiyo.

Jumatatu, 15 Julai

Kabari imetoka! Kwa mafuta ya kupikia na matusi. Hesabu yangu ilisema tani nane zishuke hadi mbili, mbali kabisa na ile tano ya kibati, kwa hiyo nimelegeza meno sitini ya winchi, nikihesabu kwa sauti. Waya ukashuka. Ukashuka vizuri sana, nikauona ukijikunja kuelekea mtoni, nikasema moyoni, huo sasa ndio waya uliopumzika.

Sikuupiga kwa nyundo kuhakiki. Kuhakiki ni kwa asiye na hesabu.

Nimepaka viatu rangi.

Jumanne, 16 Julai

Naandika miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya moto. Nitaandika kwa kifupi. Sitaweza kwa kifupi.

Saa nne asubuhi. Jua. Kisanduku kimepambwa maua ya karatasi. Bikira amevaa joho jipya la kahawia lililodariziwa na wale wanawake saba. Doña Ubaldina akapanda kama mwenyekiti, mimi nikapanda kama fundi, Bikira katikati yetu. Ng'ambo padri kasimama na maji ya baraka. Tarumbeta! Nikainua mkono, injini ikawashwa.

Tuliondoka kwa kasi. Kasi nzuri, nikadhani. Doña Ubaldina akashika kofia. Tukateremka. Tukaendelea kuteremka. Yeye akasema anavyokumbuka, huwa mtu anatazama mto kutoka juu. Nikamwambia ni ule mlegeo wa kisayansi. Kisha nikasikia mto kwa karibu, kisha nikaunusa, kisha viatu vyangu vya rangi mpya vikajaa maji.

Tulisimama katikati. Mbele yetu waya ulipanda kwenda ng'ambo kama ngazi. Injini ikavuta, ikanguruma, ikatoa moshi, ikafa. Tarumbeta za upande huu zikanyamaza. Moja ya upande ule iliendelea, nadhani mpigaji wake alikuwa haoni.

Mto ukatulamba magoti. Nikamnyanyua Bikira begani, lakini upindo wa joho ulikuwa umeshalowa. Doña Ubaldina akaanza kusali mbiombio, mwendo wa Rosalbina. Katikati ya sala akasita, akanigeukia.

"Argemiro, mwanangu, hebu niambie. Sasa hivi ni tani ngapi?"

Sikuwa na namba. Mara ya kwanza wiki nzima sikuwa na namba. Niliogopa, niandike hivyo hivyo. Mwanamke wa miaka sabini na moja yuko na maji magotini kwa sababu nilitaka kuitwa fundi. Nilitazama ukingo wetu. Rosalbina alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Leovigildo akashuka mteremko na goti lake lile, akaingia bandani. Hakuhitaji ufunguo, nilikuwa nimeacha wazi. Tukasikia winchi. Jino moja, kimya. Jino moja, kimya. Kila jino lilitufikia kwa mtikisiko mdogo kwenye waya, na maji yakashuka upana wa kidole. Ilichukua karibu saa nzima. Hakuharakisha hata jino moja. Injini ikawashwa upya, tukafika ng'ambo tunachuruzika.

Hakuna aliyenipiga. Afadhali wangenipiga. Padri alimpokea Bikira akamfuta kwa leso, akasema ameona makubwa kuliko haya.

Jumatano, 17 Julai

Nilikwenda bandani alfajiri kabla hajafika, nikasafisha kutu. Akaja. Hakuniambia niondoke, hakuniambia nikae. Nikakaa nyuma ya mlango na saa yangu.

Akaupiga waya. Kiganja juu, macho kafumba. Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nikasogea karibu nisikie anavyosali.

Anasali kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Neno, pumzi. Neno, pumzi. Na anapofika pale pa kutuombea sisi wakosefu, anaongeza: "na Abelardo". Kisha anatulia. Kisha anamalizia. Sala ya pili vilevile.

Abelardo alikuwa kaka yake. Mto ulimchukua akivuka kwa kuogelea, kabla hatujawa na waya. Hilo nalijua, kila mtu analijua. Baba yao ndiye aliyeufunga waya huu mwaka uliofuata, na ndiye aliyemfundisha mwanawe kuupima hivyo, na jina ndani. Lakini miaka arobaini nimemwona akichezesha midomo na sijawahi kuuliza anasema nini.

Zilipoisha zote mbili nikatazama saa. Sekunde kumi na tisa na nukta nne. Karibu mara mbili ya zangu. Kasi nusu. Nguvu robo. Tani mbili tu, si nane. Waya ulikuwa sawa siku zote.

Nikatoka nje nikakaa juu ya makreti. Yamenuka, lulo za siku tano, yamekwisha.

Doña Ubaldina alinikuta pale. Hakunisema kwa ukali, alinisema kwa huruma, jambo baya zaidi. Akaniambia kwamba tangu Pasaka Leovigildo alishamweleza goti limemshinda. Alikuwa anikabidhi ufunguo mimi, siku ya Bikira, mbele ya watu wote. Ndiyo maana aliniambia nivae viatu.

Nilimuuliza je, na sasa? Akasema kazi ile Leovigildo ameshampa mtu. Jana jioni, wakati nimeloweka miguu, Rosalbina alikwenda kumwomba amwonyeshe. Aliuliza kama anaweza kuugusa waya. Ni hilo tu alilouliza. Akaweka kiganja, akalisikia wimbi likirudi mara zote tano. Leovigildo amemwambia ana mkono, ila apunguze mwendo wa sala.

Nimelia kidogo. Nimeandika hapa kwa sababu ni kweli.

Ijumaa, 19 Julai

Rosalbina ameondoka asubuhi na ufunguo kiunoni. Kwake hauvuti chochote. Njiani watu walimwita fundi, nimesikia mwenyewe kutoka dirishani. Mara tatu.

Kabla hajatoka amenishauri nimwandikie Leovigildo barua. Nimekwenda kwake mara mbili, nikaishia kusema habari za mvua. Akasema niandike mistari miwili: kwamba nilimkosea, na kwamba namwomba anisamehe. "Miwili tu, Argemiro. Usieleze. Ukianza kueleza umeharibu." Akaniachia karatasi moja nzuri, ya mwisho.

Nimeandika. "Kompadre, nilikukosea. Naomba unisamehe." Nikaisoma, nikaona nimesema kweli tupu, na kwamba akiisoma hii atanitilia tena jibini kikombeni. Sikuutaka ufunguo tena. Nilitaka jibini lile.

Kisha nikakumbuka kumi na tisa na nukta nne.

Si ishirini! Kumi na tisa na nukta nne! Nikachukua kitabu. Kasi ni mita mia moja arobaini na nne. Nguvu inatoka kilo mia moja na ishirini na tano zaidi ya tani mbili. Waya umekaza kidogo, na hajui! Rafiki wa kweli angemwambia. Nikaongeza hesabu chini, kwa mwandiko mdogo. Nikaongeza mchoro. Nikaongeza pia, kwa upole kabisa, kwamba tatizo si yeye, ni lile jina. "Na Abelardo" siku moja linachukua sekunde mbili, siku nyingine mbili na nusu, kutegemea alivyolala. Nikampa suluhisho: ninayo saa ya ziada, nitamzawadia, na Abelardo hatakuwa na haja ya kutajwa tena kila asubuhi.

Nadhani ataguswa sana.

Karatasi ni moja, na mchoro ulikosa nafasi. Nimefuta ile mistari miwili ya juu, ukatosha.